Piga Hodi Wewe: Mwongozo wa Mwanafunzi Anayehamia Berlin

Usiku wako wa kwanza Berlin, kabla hujafungua begi, tafuta karatasi na gundi. Andika jina lako la ukoo kwa herufi kubwa, shuka ngazi, ulibandike kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango wa jengo. Naanza na hili, kabla ya viza na kabla ya pesa, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Jengo moja la Berlin huwa na kaya ishirini au zaidi, na kwa kawaida milango ya ndani haina namba. Tarishi anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka.

Zangu zilirudi tatu. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu ambaye jina lake pekee ndilo lililokuwa mlangoni, nami nikaona si adabu kugusa sanduku la mwenye nyumba. Kumbe katika barua zile zilikuwamo kadi ya benki, namba yake ya siri na kadi ya bima ya afya. Wiki tano nilikula kwa kukopa huku pesa zangu zimelala benki.

Kwetu mgeni akihamia mtaani, wenyeji humwendea. Watamjulia hali, watamletea moto wa kuwashia jiko, watamwuliza ametoka wapi. Ujerumani desturi imegeuka: anayehamia ndiye anayegonga milango ya majirani na kujitambulisha. Ofisi ni hivyo hivyo, na chuo pia. Hakuna atakayekufuata kukuuliza kama umefika salama. Basi ushike neno hili moja katika yote nitakayokueleza: Berlin, wa kupiga hodi ni wewe. Ukilijua mapema, kimya cha mji ule hakitakuvunja moyo.

Kabla ya kupanda ndege

Ubalozi utataka uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu. Wanafunzi wengi hutumia akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto: unaweka fedha za mwaka mzima, nayo inakupa fungu kila mwezi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Hupandishwa kila baada ya muda, kwa hiyo kitazame upya wiki ile ile unayojaza fomu. Familia nyingi hudhani fungu hilo litatosha tangu siku ya kwanza. Halitoshi. Mwezi wa kwanza una dhamana ya chumba, ada ya muhula, koti na sufuria, na fungu lenyewe halitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki. Ikiwezekana, safiri na akiba ya pembeni ya kukuvusha wiki nne hadi sita.

Habari njema ni kwamba vyuo vikuu vya umma vya Berlin, kama Humboldt, Freie Universität na Technische Universität, havitozi karo kwa kozi nyingi. Unalipa ada ya muhula ya euro mia chache, na ndani yake kwa kawaida mna tiketi ya usafiri.

Bima ya afya ni lazima. Bila hiyo chuo hakikusajili. Ukiwa chini ya miaka 30 unaweza kuingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, nawe jiandae kutoa takribani euro 150 kwa mwezi. Bima ya safari uliyonunua kwa ajili ya viza haichukui nafasi yake.

Beba vyeti halisi, cha kuzaliwa na vya shule, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Viweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kisha angalia jina lako katika pasi. Wengi wetu tuna majina matatu, na pasi imeyagawa kwa namna yake. Lile lililoandikwa sehemu ya ukoo ndilo litakalokuwa jina lako kila mahali: chuoni, benki, bima, sanduku la barua. Usitumie la babu huku na la baba kule.

Kutafuta chumba

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, nami sitakudanganya. Vyumba vya bei nafuu Berlin vinagombaniwa na wenyeji wenyewe. Siku unayopata barua ya kukubaliwa chuoni, siku hiyo hiyo omba nafasi katika mabweni ya studierendenWERK, shirika la huduma za wanafunzi, kwa maana foleni yake ni ndefu. Wakati unangoja, tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambayo vijana wa huko huiita WG, yaani watu watatu au wanne wanaochangia jiko na bafu. Ukituma ombi, usiandike tu kwamba unahitaji chumba. Jieleze: unasoma nini, unapika nini, unalala saa ngapi. Wanaokusoma wanachagua mtu wa kuishi naye.

Matangazo huonyesha kodi za namna mbili. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na maji, gharama za jengo na mara nyingi joto. Linganisha Warmmiete na Warmmiete, usije ukafurahia bei ambayo si yote. Dhamana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na unayo haki ya kuilipa kwa mafungu matatu.

Matapeli nao wapo, na hadithi yao ni moja: mwenye nyumba yuko nje ya nchi, picha ni nzuri, kodi ni ndogo, utume dhamana kwanza kisha ufunguo utakuja kwa posta. Usitume hata senti. Kama huna mtu wa kwenda kukuangalizia, lipia hosteli wiki mbili tatu, ukatazame kwa macho yako.

Na kabla ya kulipa popote, uliza swali hili: je, naweza kujiandikisha kwa anwani hii? Jibu likiwa hapana, chumba hicho kitakufunika mvua tu.

Siku kumi na nne za kwanza

Sheria inataka ujiandikishe kama mkazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Tendo hilo huitwa Anmeldung, na hufanyika katika ofisi iitwayo Bürgeramt. Unakwenda na pasi, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Kujiandikisha ni bure. Kazi ni kupata miadi. Unaweza kwenda Bürgeramt yoyote ya Berlin, hata iliyo mbali na unapoishi, kwa hiyo usikomee kwenye mtaa wako. Fungua tovuti asubuhi na mapema, kisha tena na tena mchana. Watu hughairi na nafasi zao hurudi. Mwenye tarehe ya kuhamia mkononi anaweza kuanza kutafuta miadi akiwa bado Dar es Salaam au Nairobi.

Fomu itakuuliza dini yako. Swali hilo lina uzito usioonekana. Ukijiandika Mkatoliki au Mlutheri, ukipata mshahara unaotozwa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato. Sikuambii uandike nini. Hilo ni lako na Mungu wako. Nataka tu ujue unachokitia saini.

Cheti cha kujiandikisha ndicho kinachofungua milango mingine: akaunti ya benki, fungu la Sperrkonto, namba ya kodi ambayo huja kwa posta baada ya wiki chache, na kibali cha ukaazi. Hicho cha mwisho unakiomba katika idara ya uhamiaji ya Berlin, Landesamt für Einwanderung, kabla viza yako haijaisha. Omba mapema, na hifadhi uthibitisho kwamba umeomba, kwa sababu majibu huchukua muda.

Nunua faili moja nene lenye matobo. Kila barua itie humo, hata ile usiyoielewa, na usiyoielewa mpelekee mtu akusomee siku hiyo hiyo. Barua ya Kijerumani ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haingoji ujifunze lugha. Mojawapo itadai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Wageni wengi huitupa wakidhani ni ya kitapeli, au kwa kuwa hawana televisheni. Ada hiyo ni ya kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Analipa mtu mmoja katika nyumba, wengine mnamchangia. Ukiipuuza inageuka deni.

Treni, Jumapili na kimya

Vituo vya treni vya Berlin havina vizuizi. Unaingia unavyotaka, na hapo ndipo wageni hujidanganya. Wakaguzi wengi hupanda wakiwa wamevaa kiraia, treni ikiondoka ndipo wanatoa vitambulisho. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Tiketi yako ya muhula ikiwa kwenye simu, hakikisha simu ina chaji. Njia nzuri ya kuujua mji ni kupanda treni za S41 au S42, zinazouzunguka kwa takribani saa moja. Fanya hivyo Jumapili yako ya kwanza, ukae dirishani, uone mji ulivyojipanga.

Hiyo Jumapili yenyewe, maduka mengi yamefungwa, supamaketi pia, isipokuwa machache kama yaliyo ndani ya stesheni kuu. Nunua unga, mafuta na mkate Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Muziki hushushwa, na zile simu zetu za nyumbani za sauti ya juu zihamishie ndani, mlango ukiwa umefungwa. Majira ya joto Berlin iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Majira ya baridi, saa mbili. Mweleze mama jambo hilo mapema ili asikungoje kwenye simu akiwa na wasiwasi.

Chupa nazo usizitupe. Ukinunua soda au maji, ndani ya bei mna senti za chupa, 25 kwa chupa nyingi za plastiki na kwa makopo. Unazirudisha kwenye mashine ya supamaketi na kupewa risiti ya kulipia.

Darasani

Ratiba ikisema 10 c.t., ujue kipindi kinaanza robo saa baadaye. Ikisema s.t., kinaanza saa ile ile iliyoandikwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kuhudhuria somo si kujiandikisha kwa mtihani. Mtihani una usajili wake na tarehe yake, na ikipita, hata uwe umeketi mstari wa mbele muhula mzima, jina lako halimo. Andika tarehe hizo ukutani. Kila muhula pia lazima ulipe ada kwa wakati ili uendelee kuwa mwanafunzi.

Profesa ana saa za kuonana na wanafunzi. Wengi wetu tuliolelewa kumwogopa mwalimu hatuendi, na yeye hukaa ofisini akidhani hatuna swali. Nenda na maswali mawili yaliyoandikwa. Atakuheshimu kwa kuuliza.

Kiingereza kitakupeleka mbali Berlin, na hapo ndipo kinapokuchelewesha. Kitakuvusha dukani na darasani, lakini barua ni za Kijerumani, mwenye nyumba mzee ni wa Kijerumani, na kazi nzuri ni ya Kijerumani. Kila wilaya kati ya 12 za Berlin ina Volkshochschule, chuo cha watu wazima chenye kozi za lugha za bei nafuu, na chuo kikuu chako nacho kina kozi zake. Anza mwezi wa kwanza. Na salamu uzijue kabla ya sarufi. Ukiingia chumba cha kungojea daktari, sema Guten Tag kwa wote waliokaa, watakuitikia. Sisi watu wa salamu hatupaswi kushindwa na hilo.

Kibarua

Tangu Machi 2024, mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na asikulipe mtu pungufu ya kima cha mwaka ulio nao kwa sababu wewe ni mgeni.

Kubeba boksi ghalani si aibu. Wengi wetu tumelibeba. Hatari yake ni kwamba pesa ya usiku wa leo inaonekana, na mtihani wa Februari hauonekani. Nimewaona wenye akili kuliko mimi wakizidisha zamu, kisha mitihani ikawapita, kisha kibali kikawa mashakani. Kabla ya ghala, jaribu maktaba na maabara za chuo, ambazo huajiri wanafunzi. Na waliobaki nyumbani waambie ukweli kuhusu kipato chako, wasidhani euro zinaokotwa.

Baridi, giza na chakula

Usinunue koti nyumbani. Makoti mengi ya mitumba unayoyaona masoko ya Karume au Gikomba yamesafiri kutoka huko huko Ulaya. Huko unayachagua kabla hayajafungwa robota. Yapo katika maduka ya nguo za mtumba, na katika soko la Mauerpark kila Jumapili. Koti likate upepo, viatu visipitishe maji. Mengine ni soksi.

Giza ni gumu kuliko baridi. Mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na siku nzima haifiki saa nane za mwanga. Utaamka gizani na kutoka darasani gizani. Toka nje kila siku mchana hata kwa nusu saa. Ukiona usingizi umegeuka, chakula hakishuki na huzuni haiondoki, usiseme ni uvivu wala usingoje hadi likizo: studierendenWERK ina washauri wa saikolojia wanaowahudumia wanafunzi bure. Ukiugua usiku au mwisho wa wiki bila hatari ya maisha, piga 116117. Kukiwa na hatari, piga 112.

Chumbani, fungua dirisha lote dakika tano au kumi asubuhi na jioni, hata nje kukiwa na theluji, kisha lifunge. Mvuke wa sufuria na nguo mbichi ukikaa ndani huzaa ukungu mweusi kwenye kuta, na ukungu huo unaweza kukatwa kwenye dhamana yako.

Chakula chetu kipo. Maduka ya Kiafrika katika mitaa ya Wedding na Neukölln yana unga wa mahindi, mihogo na ndizi za kupika. Kando ya mfereji huko Maybachufer kuna soko la Waturuki kila Jumanne na Ijumaa: bamia, giligilani, nyanya kwa kreti. Nenda karibu na kufunga, bei zimeshuka. Siku za masomo kula kantini ya chuo, Mensa. Kwa kadi ya mwanafunzi mlo ni euro chache.

Waliopiga hodi kabla yako

Kuna siku utaulizwa, kwa maneno au kwa macho, umekuja kufanya nini hapa. Kuna chumba utakachonyimwa mara tu watakapolisikia jina lako. Ikitokea, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha uende kwa mshauri wa chuo. Tangu mwaka 2020 Berlin ina sheria yake dhidi ya ubaguzi unaofanywa na ofisi za umma za mji, shule na vyuo vikiwemo.

Kisha utenge siku moja uende Makumbusho ya Historia ya Asili. Katika ukumbi mkuu amesimama mjusi mkubwa wa kale, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na watu wa kusini mwa Tanzania waliibeba vichwani na mabegani hadi bandarini. Simama chini yake uangalie juu. Toka hapo uende Wedding, kwenye mtaa uliopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule mkoloni aliyeitwa kwetu Mkono wa Damu. Tangu 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Neukölln nako, mtaa wa kamanda wa kikoloni Wissmann umekuwa tangu 2021 mtaa wa Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri.

Mkumbuke pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alioa Mjerumani, na alipotaka kurudi nyumbani, serikali ya kikoloni ilikataa mkewe aishi naye huko, wakarejea Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Kiswahili alichokifundisha bado kinafundishwa mjini humo, Chuo Kikuu cha Humboldt. Nenda kwenye madarasa hayo ukajitolee kuzungumza na wanafunzi. Wanatafuta mtu wa kusema naye, na wewe unatafuta marafiki.

Jirani

Nimalizie pale tulipoanzia, mlangoni. Wiki ya kwanza, jioni kabla ya saa mbili, gonga milango ya ghorofa yako. Sema jina lako, sema umehamia hapo, toa mkono. Dakika moja yatosha. Mimi nilikwenda na sahani ya kaimati. Mama mmoja mzee wa mlango wa mkabala aliipokea kimya, akashukuru, akafunga. Nikajua nimechemsha mafuta bure.

Miezi miwili baadaye nilikuta kikaratasi sandukuni. Mtu wa posta alileta kifurushi sipo, akakiacha kwa jirani, kama ilivyo kawaida Ujerumani, na jina la jirani huyo limeandikwa. Lilikuwa la mama yule. Nikagonga. Akanipa kifurushi, kisha akaniambia ningoje. Akarudi na sahani yangu. Ilikuwa imeoshwa, na juu yake kipande cha keki ya tufaha kimefunikwa kwa leso ya karatasi. Alikuwa ameitunza muda wote huo, akingoja nigonge tena.